Usimpe paka paracetamol, hata robo ya kidonge

Ndugu uliyeuliza kama paka wako anayechechemea anaweza kupewa nusu kidonge cha paracetamol, nakusihi usimpe; na kama umekwisha kumpa, acha kusoma hapa umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Mimi nilimpa. Paka wangu, jike wa kilo 4 hivi, aliumia mguu wa nyuma, nami nikamsagia nusu kidonge, yaani miligramu 250, nikachanganya na chakula, kwa kuwa dawa hiyo imenituliza maumivu miaka yote. Baada ya saa chache alikuwa amejikunyata pembeni, anahema mbiombio na kudondokwa na mate, uso na nyayo zimeanza kuvimba, na nilipomfunua mdomo nikakuta fizi zimegeuka rangi ya udongo. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilisubiri karibu saa mbili zaidi, nikidhani atatulia.

Daktari alinieleza kuwa ini la binadamu huiunganisha paracetamol na kemikali nyingine ili itoke kwa mkojo, lakini paka karibu hana kimeng'enya cha kazi hiyo. Dawa hugeuka sumu inayomaliza glutathioni, kinga ya seli, kisha hushambulia chembe nyekundu za damu, hata hemoglobini ikashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo maana mnyama hutweta ilhali mapafu yake ni mazima. Dalili zimewahi kuonekana kwa kipimo cha miligramu 10 tu kwa kila kilo ya uzito, na wangu alikuwa amepata zaidi ya 60. Kwa paka, basi, kipimo kidogo kilicho salama cha dawa hii hakipo.

Alitiwa oksijeni, akapewa asetilisisteini, dawa inayopambana na sumu hiyo, miligramu 140 kwa kilo mara ya kwanza, kisha 70 kila baada ya saa 6. Alipona, ingawa mkojo wake ulibaki mweusi kwa muda na mimi sikulala.

Usidhani ibuprofeni au diklofenaki ni nafuu: hizo hutoboa vidonda tumboni na kuharibu figo. Aspirini nayo hukaa mwilini mwa paka kwa siku kadhaa, hivyo dozi ya pili hurundikana juu ya ile ya kwanza. Soma pia maandishi ya dawa za mafua, kwani nyingi zina paracetamol ndani yake, na ukijipaka dawa ya kuchua usimruhusu akulambe.

Dawa za maumivu za paka zipo, kama meloksikamu, ila daktari huipima kwa sehemu ndogo sana za miligramu baada ya kuhakikisha figo ni nzima na paka anakunywa maji. Kwa sasa mweke kwenye chumba kidogo asiruke. Ikiwa alikwisha kumeza kitu, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Beba pakiti ya dawa na ukumbuke saa uliyompa, maana hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa mlangoni.