Bryant au Saban? Wasomaji wauliza kuhusu kocha bora wa Alabama

Swali: Ndugu wahariri, nafanya kazi kwenye ghala hapa Houston. Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukianza, wenzangu wawili wenye asili ya Alabama hawaelewani: mmoja anamtaja Bear Bryant, mwingine Nick Saban. Wote wanakubali kwamba kila mmoja alitwaa mataji sita ya taifa akiwa pale. Mimi nimekulia kwenye soka na futiboli yao naielewa nusunusu. Nani hasa mkubwa, na nijenge vipi hoja wasiyoweza kuibomoa?

Jibu: Ni Saban. Tofauti si kubwa, na haitokani na kile ambacho mashabiki wengi hukitanguliza.

Anza na takwimu zenyewe. Paul "Bear" Bryant aliifundisha Alabama, mjini Tuscaloosa, kuanzia 1958 hadi 1982: misimu 25, ushindi 232, vipigo 46, sare 9. Mataji yake ni ya 1961, 1964, 1965, 1973, 1978 na 1979. Saban aliongoza kuanzia 2007 hadi 2023: misimu 17, ushindi 206 uwanjani, vipigo 29. Mataji yake ni ya 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Analo la saba, la 2003, ila hilo alilitwaa akiwa LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, kwa hiyo msiliingize kwenye ubishi wa Alabama.

Usilinganishe idadi ya ushindi. Timu ya Bryant ilicheza wastani wa mechi 11.5 kwa msimu, ya Saban karibu 13.8, kwa sababu siku hizi kuna fainali ya kanda, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana vyenyewe (ya Alabama huitwa SEC), na mechi za mtoano. Chukua asilimia, na kila sare ihesabu nusu ya ushindi, maana tangu 1996 sare hazipo tena na Saban hakuwa na nafasi ya kupata hata moja. Hapo Bryant anapata asilimia 82.4, Saban 87.7. Mwenzako wa upande wa Bryant atakukumbusha kwamba ndani ya mechi za Saban zimo zile za Novemba dhidi ya vyuo vidogo kama Chattanooga na Western Carolina. Ni kweli, mkubalie. Ila mechi chache za namna hiyo haziwezi kufuta pengo la asilimia tano.

Uzito wa kesi uko kwenye namna mataji yalivyopatikana. Enzi za Bryant hapakuwa na fainali ya taifa. Bingwa alipatikana kwa kura mbili: ya waandishi wa habari kupitia shirika la habari la AP na ya makocha kupitia shirika la UPI. Mechi kubwa za kufunga msimu, zile za bouli, zilikuwepo, lakini kwa muda mrefu kura ya mwisho ilipigwa kabla hazijachezwa. Msimu wa 1964 Alabama ilitangazwa bingwa, kisha tarehe 1 Januari 1965 ikafungwa na Texas 21–17 kwenye Orange Bowl. Taji likabaki kwao. AP ikasogeza kura yake ya msimu uliofuata hadi baada ya bouli, na aliyefaidika ni Bryant mwenyewe: Alabama iliingia ikiwa ya nne, timu mbili za juu zikapoteza mechi zao, yeye akaifunga Nebraska iliyokuwa ya tatu kwa 39–28, akawa bingwa wa AP wa 1965. UPI, iliyokuwa imepiga kura kabla ya bouli, iliipa taji Michigan State.

Mwaka 1973 mambo yakajirudia. UPI iliwapa Alabama taji mapema, halafu tarehe 31 Desemba Notre Dame ikawafunga 24–23 kwenye Sugar Bowl. Kuanzia msimu wa 1974 makocha nao wakaanza kupiga kura baada ya bouli. Mwaka 1978 AP iliichagua Alabama baada ya kuifunga Penn State 14–7, mechi inayokumbukwa kwa mabeki waliozuia mara mbili mfululizo karibu kabisa na mstari wa goli. Lakini UPI iliipa taji USC, chuo cha Los Angeles, na USC ilikuwa imeifunga Alabama 24–14 msimu huohuo, tena Birmingham, jimboni kwao. Kwa hiyo mataji ya Bryant yasiyo na doa ni mawili: 1961 na 1979. Lile la 1961 ni la ajabu, maana mechi 11 zilipita wakiwa wamefungwa pointi 25 tu.

Tumtendee haki mzee. Mwaka 1966 timu yake ilishinda mechi zote 11 na bado ikawekwa ya tatu, nyuma ya Notre Dame na Michigan State waliokuwa wametoka sare ya 10–10 wao kwa wao. Mfumo uleule uliompa 1964 ulimnyima 1966.

Saban hakupata taji hata moja bila kushinda mechi ya mwisho. Hoja ya kumpinga ipo, na jiandae nayo: mwaka 2011 na 2017 hakuwa hata bingwa wa kanda ya SEC. Mwaka 2011 LSU iliwafunga 9–6 nyumbani kwao, kisha wakapewa mechi ya marudiano kwenye fainali na wakashinda 21–0. Anayesema hawakustahili kuwepo ana hoja. Lakini waliokuwepo walishinda, na LSU haikupata pointi hata moja.

Kwenye ubingwa wa SEC msishangae Bryant akiwa na mataji 13 na Saban 9. Fainali ya kanda ilianza 1992. Kabla ya hapo bingwa alipatikana kwa msimamo, timu hazikukutana zote, na mataji mengine yaligawanywa: la 1966 na la 1981 Bryant aligawana na Georgia. Yale tisa ya Saban yote aliyashinda Atlanta, ana kwa ana.

Swali: Nimesikia kwamba zamani kocha tajiri angeweza kuwasajili wachezaji wote wazuri na kuwakalisha benchi ili wapinzani wasiwapate. Je, hili halimfanyi Bryant aonekane mkubwa kuliko alivyokuwa?

Jibu: Linapunguza kidogo, si sana. Kabla ya 1973 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haikuweka kikomo cha jumla cha wachezaji wanaolipiwa masomo. Kanda ndizo zilizojiwekea sheria. Kikomo cha kwanza cha NCAA, mwaka 1973, kilikuwa wachezaji 105. Kikashuka hadi 95 mwaka 1978, kisha hatua kwa hatua hadi 85 kufikia 1994. Saban alifanya kazi yake yote Alabama na hao 85.

Lakini angalia miaka. Mataji matatu ya Bryant, ya 1973, 1978 na 1979, yalikuja baada ya kikomo kuwekwa. Mtu aliyetegemea wingi peke yake angeanguka hapo. Yeye kuanzia 1971 hadi 1982 alishinda 124, akafungwa 19 na kutoka sare moja. Hoja ya usajili ina nguvu kwa miaka ya sitini tu.

Swali: Nani kati yao alikuwa fundi zaidi wa mbinu? Naomba mfano uwanjani, si sifa tu.

Jibu: Tuchukue mfano mmoja kwa kila mmoja.

Bryant mwaka 1969 alimaliza na 6–5, yaani ushindi sita na vipigo vitano, mwaka 1970 akapata 6–5–1, ile moja ikiwa sare. Wengi walidhani amekwisha. Kiangazi cha 1971 akajifunza mfumo wa wishiboni kwa kocha Darrell Royal wa Texas na kuubadilishia kikosi kizima, akiufanyia mazoezi kwa siri. Waandishi walipotembelea kambi walionyeshwa mpangilio wa zamani. Mechi ya kwanza akaenda Los Angeles na kuifunga USC 17–10.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Nyuma ya kotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, anasimama mkimbiaji mmoja karibu, na nyuma yake wawili, mmoja kila upande. Mpira ukianza, kotabeki anaupeleka tumboni kwa yule wa karibu huku akimtazama beki mmoja wa pembeni ambaye kwa makusudi hajazuiwa na mtu. Beki akibana ndani kumfuata mkimbiaji, kotabeki anauvuta mpira na kukimbilia pembeni. Huko anamkuta beki wa pili: huyu akimjia, mpira unarushwa kwa mkimbiaji wa nje, akibaki na mkimbiaji wa nje, kotabeki anaendelea nao mwenyewe. Mabeki wawili wanachezwa bila kuguswa, kwa hiyo wazuiaji wa ziada wanapatikana kwingine. Mambo yanapoharibika, sababu ya kawaida ni mpira kuachiwa nusu sekunde mapema au kuchelewa, ukadondoka. Ndiyo maana mfumo huu unadai mazoezi mengi ya kupokezana mpira, na unaadhibiwa ukiwa nyuma kwa pointi nyingi, kwani hauna pasi ndefu za kutosha.

Ufundi wa Saban uko kwenye ulinzi wa nyuma. Alipokuwa msaidizi wa kocha Bill Belichick kwenye timu ya kulipwa ya Cleveland, kuanzia 1991 hadi 1994, tatizo lilikuwa hili: ukigawa nyuma ya uwanja kanda tatu, washambuliaji wanne wakikimbia moja kwa moja mbele, kanda tatu hazitoshi kwa watu wanne. Dawa ilikuwa mabeki waanze kana kwamba wanalinda kanda, kisha kila mmoja asome hatua za mwanzo za mtu wake. Akikimbia moja kwa moja, beki anamganda hadi mwisho. Akikatiza ndani mapema, anapokelewa na mwenzake, na beki anatafuta anayekuja upande wake. Ni ulinzi mgumu kufundisha. Mabeki watano wakisoma sawa na mmoja akakosea, yule mmoja anaacha mtu peke yake kwenye njia ya goli. Msimu wa kwanza wa Saban Alabama ulikuwa 7–6, pamoja na kipigo cha 21–14 kutoka Louisiana-Monroe. Miaka miwili baadaye walishinda mechi zote 14.

Na kama Bryant, alikubali kubadilika. Hakupenda futiboli ya kasi isiyompa beki muda wa kupumua, na alilisema hadharani mwaka 2012. Baada ya Texas A&M ya Johnny Manziel kumfunga 29–24 mwaka huo, hakubaki kulalamika: mwaka 2014 alimleta Lane Kiffin aongoze ushambuliaji, na kufikia 2020 timu yake ndiyo iliyowakimbiza wengine, ikaifunga Ohio State 52–24 kwenye fainali.

Uamuzi mmoja unatosha kumweleza. Fainali ya tarehe 8 Januari 2018, Atlanta, mapumziko Georgia inaongoza 13–0. Saban akamtoa Jalen Hurts, kotabeki aliyekuwa amempa ushindi misimu miwili, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Katika muda wa ziada Tua aliangushwa, wakarudi nyuma yadi 16. Mchezo uliofuata akarusha pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith, ikawa 26–23. Kocha anayelinda jina lake hafanyi mabadiliko yale. Kwetu sisi ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya programu hiyo.

Swali: Bryant alifundisha timu ya wazungu watupu hadi 1971. Kwa nini mnamjadili bila kulitaja?

Jibu: Swali lako ni la haki, na mtu yeyote anayempima Bryant lazima alijibu. Gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni pa chuo hicho Juni 1963 kuzuia wanafunzi weusi. Timu ilibaki ya wazungu kwa miaka mingine minane. Wanaomtetea husema siasa za jimbo zilimfunga mikono. Lakini Kentucky, kanda hiyohiyo ya SEC, ilimchezesha Nate Northington mwaka 1967, na Tennessee ilimchezesha Lester McClain mwaka 1968. Bryant alikuwa na ushawishi kuliko makocha wote wa kusini na hakuwa wa kwanza.

Husimuliwa pia kwamba macho yalimfunguka Septemba 1970, Sam Cunningham, mchezaji mweusi wa USC, alipokimbia yadi 135 na kupata tachidauni mbili (kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli) Birmingham, Alabama wakifungwa 42–21. Masimulizi hayo yanaacha kitu: Wilbur Jackson, mchezaji mweusi, alikuwa amekwisha kusajiliwa na Alabama kabla ya mechi ile, ila sheria ya wakati huo haikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza timu kubwa. Mwaka 1971 John Mitchell akawa mweusi wa kwanza kuichezea. Sylvester Croom, aliyecheza chini ya Bryant miaka michache baadaye, ndiye aliyekuja kuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika SEC, akiwa Mississippi State, na Novemba 2007 alimfunga Saban 17–12.

Sisi tunaona hivi: miaka ile inamshusha Bryant. Mataji ya miaka ya sitini yalipatikana katika kanda iliyowafungia nje wachezaji wengi bora wa jimbo lake mwenyewe, na alikuwa na uwezo wa kusukuma mlango mapema.

Swali: Na Wallace Wade, kocha wa Alabama wa zamani zaidi? Babu mkwe wangu anasema ndiye wa kwanza.

Jibu: Wa kwanza kwa wakati, ndiyo. Kuanzia 1923 hadi 1930 alishinda 61, akafungwa 13, sare 3, na mataji ya 1925, 1926 na 1930. Ushindi wake wa 20–19 dhidi ya Washington kwenye Rose Bowl ya 1926 ndio ulioifanya nchi iichukulie futiboli ya kusini kwa uzito. Misimu minane ni michache kumpita Bryant au Saban, lakini nafasi ya tatu ni yake. Mkwe wako asikubali kumweka chini ya hapo.

Swali: Mahali pengine naona Saban ana ushindi 201, pengine 206. Upi sahihi?

Jibu: Yote mawili. NCAA ilifuta ushindi tano wa 2007 kwa sababu wachezaji walitumia vibaya utaratibu wa kupewa vitabu vya masomo bure. Rekodi rasmi ni 201–29; uwanjani ni 206–29. Chagua moja na uitumie mpaka mwisho. Ukitumia 201, asilimia yake ni 87.4, na mpangilio haubadiliki.