Usitupe katoni ya thomson kabla ya kuisoma

Nauza samaki Lubumbashi, Kongo, katika Soko la Kenya (Kenya ni mtaa wa hapa, si nchi), wakiwemo thomson, samaki wa baharini wanaokuja wamegandishwa kwenye katoni. Ni mwaka wa kumi na nne sasa. Bamama wenzangu huniuliza kwa nini nasimama kusoma maandishi ya katoni wakati wateja wanangoja samaki wa kula na bukari (ugali). Jibu langu ni refu kidogo, na ninawaandikia hasa ninyi mnaoanza kazi hii.

Mwaka wangu wa tatu niliuziwa katoni ishirini kwa bei nafuu kwenye depo moja. Zilikuwa nyeupe tupu: hazina jina la meli, tarehe wala nchi. Nikafurahia bei. Alfajiri nilipofungua ya kwanza, barafu ilikuwa ya manjano na imejikusanya upande mmoja, kumbe samaki walishayeyuka wakagandishwa tena. Macho yamezama, matumbo yamepasuka, ukibonyeza nyama kidole kinaacha shimo. Katoni kumi na mbili nilizitupa. Niliporudi kudai, sikuwa na cha kushika mkononi. Samaki asiye na karatasi hana mwenyewe.

Tangu siku hiyo nasoma. Thomson wetu wengi wanatoka Namibia, wanapakiwa bandari ya Walvis Bay na kupita Zambia hadi mpakani kwetu Kasumbalesa. Katoni nzuri ina jina la kitaalamu, Trachurus capensis, tarehe ya kugandishwa, na eneo la uvuvi: 47. Namba hiyo ni ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na maana yake ni Atlantiki ya kusini-mashariki, bahari ya Angola, Namibia na Afrika Kusini. 16+, 20+ au 25+ ni urefu wa samaki kwa sentimita. Weka daftari, andika kila mzigo ulikuwa wa saizi gani. Ukiona miezi inapita na 25+ hawapatikani, uliza sababu. Huenda ni soko tu, huenda ni bahari.

Bahari inanihusu nini mimi wa Katanga? Kambo (babu) yangu alikuwa mtu wa Luapula, mto wa mpakani kati yetu na Zambia. Alisimulia habari za mpumbu, samaki waliokuwa wakipanda mto kwa makundi kwenda kutaga mayai. Watu waliwatega njiani, matumbo yamejaa mayai, na mzigo ukaja huku kulisha wafanyakazi wa migodi. Kufika karibu 1950 mpumbu walikuwa wamekwisha kama biashara. Ng'ambo moja ya mto alitawala Mwingereza, ng'ambo hii Mbelgiji. Samaki ni wale wale, wakubwa ni wawili, na kila mvuvi alijua kwamba asipovua yeye leo, wa ng'ambo atavua kesho.

Baharini ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1968 dagaa wa Namibia, wale wa kwenye makopo, walivuliwa kiasi cha tani milioni 1.4. Miaka michache baadaye wakaporomoka. Tume ya kimataifa ya uvuvi ya eneo hilo iliundwa kwa mkataba wa 1969, lakini meli za kigeni ziliendelea kukomba. Namibia ilipopata uhuru 1990 ilijitangazia maji yake hadi maili 200 za baharini na kuanza kupanga viwango vya kuvua. Thomson wetu wanavuliwa humo. Wale dagaa hawajarudi walivyokuwa: mwaka 2018 serikali ilisimamisha kabisa uvuvi wao.

Kupita maili 200 ndiyo bahari kuu, karibu theluthi mbili za bahari yote, na hakuna nchi inayoimiliki. Samaki wa mstari wa mpakani hawaujui mpaka. Sheria ya bahari ya 1982 inazidai nchi zishirikiane kuwatunza, na mkataba wa 1995 ukaongeza meno: mkaguzi wa nchi mwanachama anaweza kupanda meli ya mwanachama mwingine huko huko katikati ya maji. Kwa upande wetu wa Atlantiki kuna SEAFO, shirika la uvuvi la Atlantiki ya kusini-mashariki. Mkataba wake ulitiwa saini Windhoek 2001, ofisi iko Swakopmund, na linaweka kikomo cha samaki na kaa wa vilindini, pamoja na kufunga baadhi ya milima ya chini ya bahari ili nyavu zisivunje matumbawe.

Lakini mwenye meli mjanja hubadilisha bendera, anaikodi ya nchi isiyofungwa na mkataba. Ndiyo maana naamini bandari ina nguvu kuliko mkaguzi wa baharini. Mkataba wa FAO wa 2009, unaofanya kazi tangu 2016, unaipa nchi haki ya kumkatalia mwizi asishushe mzigo. Akikataliwa huko, atatafuta njia ya mlango wa nyuma, na mwisho wa njia hiyo ni katoni nyeupe mbele ya mama anayependa bei nafuu. Nilikuwa mimi.

Msiseme Kongo haina bahari. Tuna karibu kilomita 40 za pwani kule Muanda, na nchi yetu iliridhia sheria ya bahari 1989. Wenye watoto wanaosoma sheria chuoni, waambieni kuna kazi huko.

Fanyeni hivi: daini risiti yenye namba ya mzigo, hifadhini kipande cha katoni mpaka samaki waishe, na mkiwa kumi nunueni pamoja, kwa sababu depo husikiliza wanunuzi kumi kuliko mmoja. Na msiidai bahari ya wengine mkaliacha Ziwa Moero, letu na Zambia. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazae. Miezi hiyo sinunui samaki wabichi wanaovushwa usiku. Mteja akiwaulizia, namwambia arudi Machi, kisha namfungulia katoni ya thomson mbele ya macho yake, maandishi yakimtazama.