Maswali na Majibu: Pesa ya Muziki Inaishia Mfukoni mwa Nani?

Ni kweli intaneti imeua biashara ya kurekodi muziki?

Nimeshalijibu swali hili, na bado linaletwa kana kwamba tuko mwaka 2005. Mapato yalianguka baada ya Napster, programu ya kubadilishana nyimbo bure mtandaoni, kuzuka mwaka 1999, yakaendelea kushuka kwa takriban miaka 15. Kisha yakapanda: mwaka 2023, kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi, yalifika dola bilioni 28.6 duniani. Kampuni zimepona. Wanamuziki wengi bado.

Ninalipia usajili kila mwezi na ninamsikiliza mwanamuziki mmoja tu. Pesa yangu inamfikia yeye?

Kidogo sana. Kwenye majukwaa makubwa ya kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify, malipo ya wasikilizaji hutiwa kapu moja. Karibu theluthi mbili huenda kwa wenye haki, na mgawo hufuata nani kasikilizwa mara nyingi zaidi. Hivyo sehemu kubwa ya ada yako inawalipa watu ambao hujawahi kuwasikiliza. SoundCloud, jukwaa jingine la muziki, walianza mwaka 2021 kugawa pesa za baadhi ya wasanii kwa kufuata kila msikilizaji anamsikiliza nani. Wengine wangefanya hivyo wangetenda haki.

Tena "mwenye haki" mara nyingi ni lebo, yaani kampuni ya kurekodi, inayomiliki masta (rekodi asilia ya wimbo). Msanii anasubiri asilimia yake ya mkataba, baada ya kukatwa pesa alizotangulizwa na lebo.

Zamani aliyenunua albamu alilipa yote siku ileile, hata kama aliisikiliza mara moja. Sasa malipo huja kwa chembechembe, na mwenye wapenzi wachache waaminifu ndiye aliyeumia. Tangu mwaka 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 kwenye Spotify haulipwi mrabaha wa rekodi (malipo ya mwenye rekodi) hata senti. Kama unampenda mtu huyo, nunua albamu yake. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, hukata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua. Inayobaki, ukitoa gharama za malipo, ni ya msanii au lebo inayouza.

Kwa nini nyimbo za sasa hazina utangulizi?

Kwa sababu Spotify haihesabu usikilizaji usiofika sekunde 30. Anayelipwa kwa hesabu hiyo anaogopa kumchelewesha msikilizaji, na wapiga ala wanapoteza nafasi yao. Ni hasara kubwa.

Nitapata wapi albamu nzima za bure?

Msiniulize tena. Sikiliza kwenye huduma za bure zenye matangazo, angalau mwenye kazi anapata chochote.

Santuri zimerudi kweli?

Marekani mwaka 2022 ziliuzwa nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu 1987. Lakini ni sehemu ndogo ya mapato. Msanii asikope pesa kuzichapisha kabla ya kupata wateja wa uhakika.

Lebo imeniletea mkataba. Nisaini?

Hujasema mkataba unasemaje, sasa nikujibu nini? Mpelekee mwanasheria, siyo rafiki. Masta itakuwa ya nani, na kwa miaka mingapi? Jitahidi kuwapa leseni ya muda badala ya kuwauzia moja kwa moja. Mauzo ya CD yalipoporomoka, lebo zilianza kudai pia fungu la maonyesho na bidhaa. Kipengele hicho kisome mara mbili. Na pesa watakayokupa ukisaini itarudishwa kutoka kwenye mirabaha yako, kwa hiyo usiihesabu kama mshahara.