Una E moja na S mbili, na stashahada ya uhasibu: uombe shahada kwa njia ipi?

Mdogo wangu, usiombe kwa cheti cha kidato cha sita. Njia hiyo inataka angalau prinsipo (ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4.0, wewe una moja, na E ni pointi 1 tu. S haihesabiki kama prinsipo.

Stashahada yako yenye GPA 3.2 ndiyo mlango wako. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ila kozi nyingine zinadai zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huu kabla ya kulipia fomu. Kwanza omba AVN, yaani namba ya uhakiki wa stashahada, kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada. Bila namba hiyo mfumo wa chuo haukupitishi, na huchelewa iwapo chuo chako hakijapeleka matokeo, au jina lako kwenye stashahada limetofautiana na la kidato cha nne hata herufi moja.

Tafadhali sana, ukijaziwa stesheneri pale Mwenge, hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako. Ukichaguliwa vyuo viwili, mfano UDSM na IFM, msimbo wa kuthibitisha kimoja hutumwa kwenye namba hiyo.