Nimeikimbia jumuiya kwa aibu

SWALI: Shikamoo Mama. Nakaanga samaki hapa Bagamoyo. Tangu mume wangu azame kwenye pombe, wiki ya tano siendi jumuiya kusali na majirani. Naona aibu, na sala hainitoki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipofiwa nami niliikimbia miezi minne, nikaja kujificha chini ya miti ya Misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868. Aliyenirudisha si padre. Ni jirani aliyeleta uji, akakaa kimya, akanioshea vyombo (vibaya, lakini aliosha). Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke; haukutoka, akaambiwa neema yatosha. Basi usisubiri mumeo aache pombe. Kabla ya jumuiya ijayo mwambie mwanajumuiya mmoja, yule asiyebeba maneno. Sala ikigoma, wasali wao. Wewe keti tu.