Fundi, mbona mwezi wa dada umefifia?

*Shikamoo Fundi. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018, mwezi ulipopatwa, mimi nilikuwa nyumbani Kikuyu na dada yangu alikuwa kazini Helsinki, Ufini. Kiangazi chao saa zao zinalingana na zetu, kwa hiyo tukakubaliana kila mtu apige picha saa 5:20 usiku. Mimi nilitumia kamera ya kuazima, nikapata mwezi mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Yeye ana kamera ya bei mbaya, akapata anga la bluu na kidoa ambacho lazima uonyeshwe kwa kidole. Juzi karudi likizo, ubishi umeanza upya. Anasema tatizo lilikuwa lenzi. Na je, hapa kwetu yanaweza kutokea? — Msomaji, Kikuyu, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Mwambie dada aiache lenzi yake salama.

Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, yaani ukiwa upande wa pili wa jua, nasi dunia tuko katikati. Sasa huko kaskazini mwezi Julai jua linapita juu sana mchana, basi mwezi mpevu nao usiku unapita chini sana. Saa 5:20 ile, mwezi wa dada yako ulikuwa umeinuka kidogo tu juu ya upeo, nyuma ya vumbi na unyevu wote wa hewa. Wako ulikuwa unakaribia utosini. Halafu jua la Helsinki kwa tarehe zile halizami zaidi ya nyuzi 11 hivi chini ya upeo, wakati giza kamili linataka nyuzi 18. Usiku kucha anga lina weupe weupe. Mwezi uliopatwa umepoteza mwanga wake mara maelfu, unabaki na ule wekundu uliopenya pembeni mwa dunia kupitia hewa yetu. Ukiuweka mbele ya anga lenye nuru, ni sawa na kuwasha kibatari nje saa sita mchana.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wakiona mwezi umefifia wanaongeza mwanga kwenye kamera, na anga nalo linang'aa zaidi pamoja na mwezi. Tofauti kati ya viwili hivyo haibadiliki hata ukizungusha vitufe mpaka asubuhi.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta, tena hapa hapa Dodoma. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 2022 nilitoka na pikipiki kuelekea barabara ya Bahi, nikafunga kamera kwenye stendi karibu na mibuyu miwili, nikaielekeza magharibi. Mwezi ulianza kuliwa saa 11:28. Ilipofika saa 12:00 nusu yake imekwenda, anga zambarau, mibuyu myeusi chini yake. Nikapiga mbili tatu za kupitisha muda, maana nilikuwa nausubiri mwekundu. Wekundu kamili ulianza saa 12:29, dakika kama kumi kabla ya jua kuchomoza. Nilitazama pale mwezi ulipokuwa, sikuona kitu. Nikaongeza sekunde za kamera kubaki wazi, nikaongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha ikawa nyeupe kama shuka la hospitali. Mchunga mbuzi aliyepita akaniuliza napiga picha ya nini. Nikamwambia mibuyu, na kweli ile ya saa 12:00 ndiyo niliyoichapa, ipo dukani hadi leo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo. Na yatatukuta tena jioni ya tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa mwaka mpya. Siku hiyo mwezi utachomoza Dodoma baada ya saa 12:50 jioni, tayari umeliwa sehemu kubwa. Utazama wote kivulini saa 1:16, anga bado lina bluu ya machweo, na mwezi uko chini, kaskazini kidogo ya mashariki, upande wa Hombolo. Wengi wataangalia, hawatauona vizuri, watarudi kwenye pilau. Wewe usirudi. Kila dakika anga linatia giza na mwezi unapanda. Katikati ya kupatwa ni saa 1:52, na mwanga hauanzi kurudi hadi saa 2:28, kwa hiyo una zaidi ya nusu saa ya giza zuri. Adui atakuwa wingu, maana Desemba ni msimu wetu wa mvua.

Ile nusu saa ya mwanzo usiichezee kwa lenzi ndefu. Piga pana, anga liwe ndani ya picha: mlima, muembe, mnara wa msikiti, chochote. Na angalia mashariki mara tu jua likishazama. Kuna mkanda wa bluu nzito unaopanda kutoka ardhini, juu yake waridi. Hicho ni kivuli cha dunia kimeangukia hewa yetu wenyewe, kivuli kile kile ambacho mwezi umo ndani yake. Mimi ningeitoa lenzi yangu ya milimita 300 bure ili niipate picha moja nzuri ya vitu hivyo viwili pamoja. (Si bure kabisa, tutaongea.)

Vipimo vya kuanzia: mwezi ukiwa bado una sehemu nyeupe, ISO 100, tundu f/8, sekunde 1/125. Ukiwa mwekundu wote gizani, ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Katikati ya hapo, wakati wa machweo, ongeza mwanga polepole na ukome pale anga linapoanza kupauka. Kwa lenzi ya milimita 300 usivuke sekunde 1 au 2. Mwezi unatembea upana wake mzima kwa dakika mbili hivi, utakuja kama yai. Fokasi weka kwa mkono mapema, kwenye ukingo ule mweupe, maana ukishakuwa mwekundu kamera itahangaika mbele na nyuma bila kushika.

*Nina simu tu. Nisijisumbue? — Mwanafunzi, Kondoa*

Jisumbue, ila usivute zumu. Egemeza simu, weka taima ya sekunde 3, gusa mwezi kwenye kioo kisha teremsha mwanga. Picha pana yenye watu wako uani wakiangalia juu itakuwa nzuri kuliko nukta kubwa isiyo na sura. Mwenye darubini akikuazima, shikilia simu kwenye kioo chake cha jicho.

*Kuuangalia kunadhuru macho? — Mama wa wawili, Mpwapwa*

Hapana mama. Linalochoma ni jua. Mwezi waache watoto wautazame watakavyo.

*Picha zangu za mwezi ulipopatwa Septemba 2025 zote zimetikisika, na stendi ninayo. — Msomaji, Kisasa, Dodoma*

Upepo wetu wa Septemba unaujua. Shusha miguu ya stendi, ning'iniza begi lenye mawe katikati, vua mkanda wa shingoni kwenye kamera, unapiga kama bendera.