Agitate: kutoka kuswaga ng'ombe hadi kuchochea umma

Umeuliza iweje neno la Kiingereza agitate litumike kwenye mashine ya kufulia na pia kwenye habari za maandamano. Ni neno lile lile. Mzizi wake ni wa Kilatini, agere, yaani kuendesha au kuswaga, kama mchungaji anavyoswaga ng'ombe. Kutokana nalo Warumi wakaunda agitare: kuswaga tena na tena, bila kupumzisha. Ndiyo maana ule mhimili wa katikati wenye mapezi, unaosukasuka nguo huku na kule ndani ya mashine, unaitwa agitator.

Upande wa siasa una utamu zaidi. Mwaka 1647, Uingereza ikiwa imetoka kwenye vita kati ya Mfalme Charles I na Bunge, askari wa jeshi la Bunge walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara. Wakachagua wenzao wa kuwasemea, nao wakaitwa agitators. Wakati huo maana ilikuwa karibu zaidi na wakala au mjumbe. Hii ya mchochezi ilikuja kushika baadaye. Na hawakuishia kwenye mishahara: mwaka huo huo, kule Putney, karibu na London, walibishana na wakubwa wao wa jeshi kuhusu nani awe na haki ya kupiga kura!

Lina pia ndugu ambaye wengi hawamtambui, cogitare, kufikiri. Ni co na agitare, kuzungusha mambo kichwani. Ile cogito ("nafikiri") ya mwanafalsafa Descartes, aliyesema "nafikiri, kwa hiyo nipo", inatoka humo humo.